Kivuli Si Cheusi: Jinsi ya Kunakili Akina Monet Ukiwa Nairobi

Mimi ni mchora mabango, Kariobangi. Kazi yangu ya kila siku ni majina ya maduka, kichwa cha mteja kwenye mlango wa kinyozi, kuku wa kukaanga kwenye ukuta wa hoteli, na mara mojamoja ubavu wa matatu. Jumamosi mchana huja vijana wachache wa mtaa wanaotaka kujua rangi, na swali lao huwa ni hilohilo: tutajifunzaje kwa wachoraji wa Ulaya wa mwisho wa karne ya 19 na nauli ya kwenda Kisumu tu ni shida, sembuse Paris?

Nakili. Hilo ndilo jibu langu. Na ukinakili, anza na vivuli. Ukielewa jinsi Monet, yule mchoraji Mfaransa, alivyochora kivuli cha rundo la ngano, umeshapata sehemu kubwa ya yale ambayo kizazi kile kiliyapigania. Majina ya makundi, na nani aligombana na nani, yatakuja yenyewe baadaye. Habari za sikio la Van Gogh usiniletee kabisa. Hazijawahi kumfundisha mtu kushika brashi.

Picha ya kunakili

Usitumie picha uliyotumiwa WhatsApp. Ikishapita mikono mingi inakuwa imebanwa, rangi zimekolezwa, na mapigo ya brashi yamegeuka ukungu. Makumbusho kadhaa makubwa yameweka picha za kazi zao bure kwenye tovuti zao, tena kubwa vya kutosha kuona mahali rangi ilipovimba kwenye ukingo wa pigo la brashi. Art Institute of Chicago wanafanya hivyo, Metropolitan ya New York pia, na National Gallery of Art ya Washington. Mimi huwaanzisha vijana Chicago, kwa sababu kule kuna michoro sita ya Monet ya marundo ya ngano, aliyoichora karibu na kwake, kijiji cha Giverny, Ufaransa, mwaka 1890 na 1891. Ukiweka miwili bega kwa bega unaona jambo ambalo mchoro mmoja hausemi: rundo halijaenda popote, kilichobadilika ni saa na hali ya hewa.

Kabla ya kutazama, zima ile hali ya usiku inayokifanya kioo cha simu kiwe cha manjano, ongeza mwangaza, na ukae mahali ambapo jua halipigi kioo.

Kisha chukua futi na chaki. Simu inaifanya michoro yote ilingane na kiganja, na huo ni uongo mkubwa. Chora mistatili ya vipimo halisi ukutani. Ule mchoro wa Monet wa jua likichomoza bandarini Le Havre, wa mwaka 1872, ambao mwandishi Louis Leroy aliukejeli kwenye maonyesho ya 1874 na kundi zima la Monet na wenzake likabaki na jina la Impreshonisti, ni sentimita 48 kwa 63 tu. Usiku wenye nyota wa Van Gogh, wa Juni 1889, ni kama 74 kwa 92. Halafu kuna Seurat, aliyepaka kwa vidoti. Jumapili yake kwenye kisiwa cha La Grande Jatte, aliyoishughulikia kuanzia 1884 hadi 1886, ina zaidi ya mita 2 kwenda juu na mita 3 kwenda kando. Vijana wangu walipouchora mstatili huo kwenye ukuta wa karakana walitazamana, maana walikuwa wamepanga kuunakili kwa vidoti kwenye karatasi ya daftari. Seurat mwache kwanza. Anafaa ukishakomaa, na hata hapo mimi humheshimu kuliko ninavyompenda.

Tundu kwenye kadi

Hili ndilo zoezi lenyewe, na lisipofanyika mengine yote ni bure.

Kata kipande cha boksi la sabuni, geuza ule upande wa kijivu, utoboe tundu la milimita tano hivi. Liweke juu ya kioo cha simu, pale penye kivuli cha rundo. Sasa sema unachokiona ni rangi gani. Usiseme "kivuli", na usiseme "giza". Taja rangi. Utakuta urujuani, utakuta samawati iliyochanganyika na waridi, na ukisogeza kadi kidogo kuelekea shina la rundo utakuta wekundu uliozimika. Ondoa kadi: kivuli kinarudi kuwa kivuli. Akili ndiyo inayokipaka weusi kwa sababu inalinganisha na majirani. Tundu linawanyamazisha majirani.

Baada ya simu toka nje. Siku ya jua, saa mbili asubuhi, anika shuka jeupe mahali ambapo kivuli cha ukuta kinalikata katikati. Tazama kwa tundu. Penye jua ni weupe wenye umanjano kwa mbali. Penye kivuli ni samawati, bila ubishi. Sababu yake ni rahisi: kivulini mwanga wa jua haufiki moja kwa moja, kwa hiyo panaangazwa na anga, na anga ni ya buluu. Sasa leta beseni jekundu uliweke chini karibu na shuka, juani. Ile sehemu ya kivuli iliyo upande wa beseni inaingiwa na wekundu. Hapo umeona kila kitu: kivuli ni mahali panapopokea mwanga wa mkopo, kutoka angani, ukutani, kwenye beseni, kwenye majani. Wachoraji wa kabla yao wengi walikipaka kwa kahawia na nyeusi ndani ya chumba. Monet, Pissarro, Sisley, Renoir na Berthe Morisot walibeba kanvasi nje wakakichora kama walivyokikuta, na wakachekwa kwa hilo.

Mimi pia nimewahi kuulizwa. Mama mmoja mwenye duka la vinywaji alisimama nyuma yangu nikimchorea chupa ya soda ukutani, akasema, "Fundi, hiki kivuli cha samawati umekitoa wapi?" Nikamwambia, "Mama, toka nje utazame kivuli cha kreti zako." Akatoka, akakaa kidogo, akarudi. "Haya, malizia. Lakini bei ni ileile."

Saa zetu na saa zao

Ukisoma kwamba walichora nje mchana kutwa, kumbuka walikuwa wapi. Paris iko karibu nyuzi 49 kaskazini mwa ikweta. Sisi tuko zaidi kidogo ya nyuzi 1 kusini. Mwezi wa Desemba jua la adhuhuri kule halipandi kupita nyuzi 18 hivi kutoka upeo wa macho, kwa hiyo vivuli ni virefu tangu asubuhi mpaka jioni. Hata Juni halifiki nyuzi 65. Kwetu, mwezi wa Machi na wa Septemba linapita utosini, na kivuli chako unakikanyaga. Saa sita mchana Nairobi si saa ya kuchora chochote kilicho wazi. Kaa chini ya mti uchore madoa ya mwanga yanayopenya majani, au kula.

Saa zako ni mbili: kuanzia saa moja hadi saa tatu asubuhi, na kuanzia saa kumi na nusu jioni. Tena jioni fanya haraka, maana jua letu linashuka karibu wima. Karibu saa kumi na mbili na nusu limezama, na lile giza-giza refu la kule kaskazini kwetu halipo. Dawa yake aliitumia Monet mwenyewe: kanvasi kadhaa kwa wakati mmoja. Mwanga ukibadilika anaweka chini hii, anachukua ile, kesho saa ileile anaendelea. Kanisa kuu la Rouen alilichora hivyo zaidi ya mara thelathini kati ya 1892 na 1894. Nyingi alizimalizia nyumbani Giverny, kwa hiyo usijione umeshindwa ukimalizia kazi sebuleni. Kata hadibodi vipande vidogo, kila kimoja kiwe cha nusu saa moja ya siku, na uandike saa hiyo nyuma yake.

Juni hadi Agosti mawingu yakitufunika, watu hulalamika baridi. Mimi hufurahi. Mwanga hautembei, na unaweza kukaa saa tatu mfululizo bila kivuli kukukimbia. Hapo nakili Sisley na Pissarro, mabarabara yao ya theluji na mvua, utaona kijivu kinavyotengenezwa kwa rangi tatu bila tone la nyeusi. Pissarro hasa. Watu humruka kwenda kwa Monet, ilhali yeye, mzaliwa wa kisiwa cha St. Thomas kule Karibea, ndiye pekee aliyeonyesha kazi kwenye maonyesho yote manane ya kundi lile, kuanzia 1874 hadi 1886. Oktoba jakaranda zikimwaga maua, kila mtu atataka kuchora zambarau. Sawa, lakini tazama kivuli cha mti kinapoangukia maua yaliyolala chini: ni zambarau juu ya zambarau, na moja imeelekea buluu zaidi. Ukiweza kutofautisha hizo mbili, njoo nikupe kazi.

Mahali: Arboretum na Karura hulipiwa mlangoni, lakini unakaa kwa amani. City Park pia ni pazuri asubuhi. Katikati ya mji jiandae kuzungukwa na watu, na kuulizwa na kanjo. Karibu na majengo ya serikali usifungue hata boksi la rangi kabla ya kuomba ruhusa.

Rangi na ubao

Wachoraji hawa walibebwa na viwanda. Mwaka 1841 Mmarekani John Goffe Rand alisajili uvumbuzi wa tyubu ya bati ya kubebea rangi. Kabla yake rangi iliyosagwa iliwekwa kwenye vibofu vya nguruwe, ukitoboa basi uimalize au ikauke. Altramarini ya kiwandani ilikuwa imeingia miaka ya 1820, ikashusha bei ya buluu iliyokuwa ya matajiri. Kijani kikali cha kromu, manjano ya kadimiamu, buluu ya kobalti, vyote ni vya karne ile. Bila wakemia kungekuwa na Monet, ndiyo, lakini angekuwa wa kahawia.

Wewe nunua chache: nyeupe, manjano ya limau, nyekundu ya moto, nyekundu iliyoelekea zambarau, altramarini, na ile kahawia nyekundu ya udongo uliochomwa. Nyeusi iache dukani kwa sasa. Manet (si Monet, ni mchoraji mwingine) hakuiacha kamwe, na Renoir aliirudia, lakini hao walijua walichokuwa wakikifanya. Giza lako litoke kwenye altramarini na ile kahawia ya udongo: ukizidisha buluu linakuwa baridi, ukizidisha udongo linapata joto, na kwa vyovyote lina uhai kuliko nyeusi ya tyubu.

Glosi ya hadiwea ni ya bango. Inateleza, inang'aa, haishiki alama ya brashi, na ile nyeupe yake baada ya muda inageuka manjano. Kwa kunakili tumia rangi ya kisanii, ya mafuta au akriliki. Ubao unaweza kuwa hadibodi: upande laini upige msasa mpaka mng'ao uishe, paka emalshani nyeupe mikono miwili, kisha mkono wa tatu uutie kijivu kidogo sana. Kina Monet walipenda kanvasi zenye msingi mwepesi kama huo, mweupe, wa krimu au wa kijivu, na mara nyingi waliuacha uonekane kati ya mapigo. Ukianzia juu ya kahawia utapigana na giza mpaka mwisho.

Kuhusu kupaka rangi karibu na rangi, wachora matatu tunajua zamani. Herufi ya machungwa juu ya buluu inaruka. Nyekundu juu ya kijani inatetemeka hadi macho yaume. Aliyeliweka hilo vitabuni ni mkemia Michel Eugène Chevreul, aliyekuwa akisimamia utiaji rangi nyuzi katika kiwanda cha Gobelins, Paris. Kulikuwa na malalamiko kwamba nyuzi nyeusi hazina nguvu. Akachunguza akakuta nyuzi hazina kosa, tatizo ni rangi iliyofumwa kando yake. Kitabu chake kilitoka 1839, na nusu karne baadaye Seurat alikuwa bado anakifanyia kazi.

Kuanza kunakili

Geuza picha iwe nyeusi na nyeupe kwenye simu. Hii si njia ya mkato. Van Gogh alipokuwa hospitalini Saint-Rémy, 1889 na 1890, alinakili kazi za mchoraji Millet zipatazo ishirini akitazama chapa zisizo na rangi, rangi akazitia mwenyewe. Basi hata yeye alianza hivyo. Kunja macho, gawa picha kwenye sehemu tatu tu: iliyowaka, ya katikati, iliyozama. Zichore kwa mkaa kwenye ubao, bila mapambo.

Kisha rudisha rangi kwenye simu, na upake vivuli kwanza, kwa rangi nyembamba. Chukua rangi kwa kuitazama kupitia tundu, ichanganye, weka tone kwenye ukingo wa kadi, sogeza kadi karibu na kioo. Ikifanana, paka. Isipofanana, usijidanganye. Nusu ya muda wako itaishia kwenye kuchanganya, na hivyo ndivyo inavyopaswa.

Vivuli vikikaa, weka mwanga kwa rangi nzito. Hapa kuza picha mpaka uone pigo gani liko juu ya lingine. Kwenye rundo la Monet utaona machungwa yamepita juu ya urujuani uliokuwa bado mbichi, yakaubeba kidogo mkiani. Ili upate hivyo, pigo moja, futa brashi kwa kitambaa, pigo jingine. Ukipiga mara mbili mahali pamoja unapata matope. Kwa Van Gogh fuata mwelekeo: mti wa mvinje unapanda, shamba linalala, anga inazunguka, na brashi inakwenda na kitu chenyewe. Kijana akinakili Van Gogh kwa mapigo ya upande mmoja humwondolea ubao nikampa mwingine.

Tahadhari moja kuhusu rangi unayoiona. Mchora bango yeyote wa Nairobi anajua inayokufa kwanza ni nyekundu: juani neno NYAMA linapauka kuwa waridi huku buluu ya pembeni imesimama kama ilivyopakwa. Yaleyale yalimpata Van Gogh. Chumba chake cha kulala cha Arles, cha Oktoba 1888, leo kina kuta za samawati, lakini barua yake inasema ni urujuani hafifu. Nyekundu aliyoichanganya imepauka, buluu ikabaki peke yake. Kwenye ule mchoro mkubwa wa Seurat, manjano ya zinki imegeuka ukahawia ndani ya nyasi zilizotakiwa kung'aa. Kwa hiyo nakili chumba cha Arles mara mbili, kimoja kama kilivyo sasa, kingine ukirudisha nyekundu ukutani. Cha pili kina usingizi zaidi, na usingizi ndio aliokuwa akiutaka. Na nakala yako usiitundike panapopigwa na jua.

Ngozi zetu

Vijana huniuliza kama haya yanatufaa sisi, maana waliochorwa ni Wafaransa wenye miavuli. Yanatufaa kuliko yanavyowafaa wao. Ngozi nyeusi inapokea mwanga wa mkopo waziwazi: kwenye paji la uso chini ya anga kuna samawati, chini ya kidevu kuna rangi ya shati, shavuni pembeni kuna urujuani. Fundi anayechora uso wa Mwafrika kwa kahawia na kuuzamisha kwa nyeusi anachora kinyago.

Tazama Bazille, rafiki wa Monet. Mwaka 1870 alimchora mwanamke Mweusi mwenye kilemba, kikapu cha maua mkononi, akinyoosha shada la peoni; mchoro uko Washington, na picha yake kubwa ni ya bure. Weka tundu kwenye shavu, kisha kwenye shingo, kisha mkononi, uone rangi ngapi unapata kabla ya kukutana na kahawia tupu. Bazille aliuawa vitani Novemba mwaka huohuo, kabla hata kundi halijapata jina. Halafu nenda kwa Manet, Olympia ya 1863, umtazame mjakazi, Laure, ambaye watu wengi humruka wakimtazama mwanamke aliyelala. Gauni lake la waridi hafifu limepakwa kwa mapigo machache mapana, lakini uso umezamishwa karibu sawa na ukuta ulio nyuma yake. Je, ni mwanga au ni kutojali? Mimi nina maoni yangu. Nakili huo uso ukiupa mwanga wa shuka letu jeupe, uone.

Sanamu, kwa miguu

Kivuli hichohicho ndicho mali ya mchongaji, ila yeye hakipaki, anakitega. Huhitaji Paris. Nenda Kenyatta Avenue, kwenye ile sanamu ya shaba ya askari na wapagazi wa vita vya kwanza vya dunia, au Kimathi Street kwa Dedan Kimathi. Nenda saa mbili asubuhi, urudi saa kumi na moja. Zunguka kadiri magari yanavyokuruhusu, na kila hatua chache usimame uchore mpaka wa nje tu, bila macho wala vifungo. Rodin, mchongaji Mfaransa wa wakati wa Monet, alifanya kazi namna hiyo: mpaka baada ya mpaka, akimzunguka mtu, akiamini kwamba mipaka yote ikiwa sawa, vilivyomo ndani vitajipanga.

Alikuwa hodari kiasi cha kujiletea balaa. Mwaka 1877 alipoonyesha mwanaume wake wa uchi, Enzi ya Shaba, alishutumiwa kwamba hakufinyanga kitu, amembandika mtu plasta mwilini akatoa kalibu. Aliyesimama kama mfano alikuwa askari Mbelgiji, na Rodin akalazimika kutafuta ushahidi. Baadaye akafanya Yohana Mbatizaji mkubwa kuliko mtu halisi, ili asiwepo wa kusema tena.

Nyumbani, chukua udongo wa mfinyanzi, ukiupata, au plastasini ya watoto. Jenga kichwa kwa kubandika vidonge vidogo, na usilainishe. Acha alama za vidole. Usiku zima taa, washa tochi ya simu, ishike kando na uizungushe taratibu. Kila kidonge kitatupa kivuli chake, na pale ulipolainisha patakufa. Rodin naye alikuwa akimulika sanamu kwa taa kumwonyesha mgeni vibonde ambavyo mchana havionekani. Stima ikipotea, mshumaa ni bora zaidi.

Usidhani lazima shaba. Degas, mwenzao Monet, alionyesha mchezaji wake wa densi wa miaka kumi na minne mwaka 1881 akiwa wa nta, amevaa sketi ya kitambaa na nywele za kweli. Zile za shaba unazoziona zilimwagwa baada ya yeye kufa mwaka 1917. Na usidhani lazima kubwa. Camille Claudel, aliyefanya kazi kwenye karakana ya Rodin wakati shule kuu ya sanaa ya Paris ilikuwa haipokei wanawake (iliwafungulia 1897), alitengeneza wanawake wanne wadogo wameketi kwenye kona, mmoja anasimulia, watatu wameinamisha vichwa kusikiliza. Kwangu mimi hiyo inawapita mashujaa wengi wa juu ya nguzo. Nenda soko lolote la mtaa saa kumi jioni, utawakuta walewale wanne.

Kuhusu nguzo: Rodin alipotengeneza watu sita wa mji wa Calais, Ufaransa, waliojitoa kwa mfalme wa Uingereza mwaka 1347, kamba shingoni, alitaka wakae chini, usawa wa wapita njia. Walipozinduliwa 1895 waliwekwa juu. Walishushwa 1924, yeye akiwa ameshakufa. Ukifinyanga kichwa chako, kiweke kwenye meza usawa wa macho, si juu ya kabati.

Ukimaliza

Rangi ya mafuta ikikauka kwa juu, ndani bado mbichi; vanishi ingoje miezi sita au zaidi. Wenye kazi hizi wamekufa zamani kupita muda wa hakimiliki, ambao kwa sheria ya Kenya ni miaka 50 baada ya kifo cha msanii, kwa hiyo kunakili na kuuza si kosa. Kosa ni kumdanganya mnunuzi. Makumbusho ya Louvre, Paris, humtaka mnakili abadilishe vipimo, kanuni nzuri nawe uifuate: fanya nakala yako iwe ndogo au kubwa kuliko ya asili. Nyuma ya ubao, kwa rangi isiyofutika, andika "Nakala kutoka kwa Monet", jina lako, mwaka, na Nairobi. Mbele usiweke sahihi ya Monet, hata mteja akiongeza hela.